Toba ya Kiingereza

Sijui kama ninyi wenzangu mliokuwa mkitumwa posho mill na debe kichwani mnaikumbuka ile harufu. Unga unapotoka kwenye mdomo wa mashine huwa na joto, na joto lile lina harufu yake: mahindi yaliyoungua kidogo, dizeli na vumbi la gunia. Juzi nilipita nyuma ya soko la Kitale, mashine ikanguruma, harufu ikanipiga usoni, nikasimama pale na kikapu changu mpaka mwenye mashine akaniuliza kama nina mahindi ya kusaga. Nikamwambia sina. Nilichokuwa nacho ni hasira, hasira ya zamani niliyodhani imeshapoa, na kusema kweli nilifurahi kuikuta bado ina moto.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi pale Kitale. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mwisho wa barabara inayoteremka kuelekea Kipsongo. Ni miaka ile masomo ya bure yalipoanza, madarasa yakafurika mpaka watoto wakakaa kwenye madirisha, lakini baba hakuchoka. Alipenda maneno ya Kiingereza jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Ukitamka neno mezani bila kujua lilikotoka, alikushika mkono tonge likiwa njiani kwenda mdomoni, akakueleza kwamba neno hilo lilizaliwa Ugiriki, likapita Roma, likalala Ufaransa, ndipo likafika Uingereza na hatimaye kwenye sahani yako. Sisi watoto tulijifunza kula haraka.

Senge alikuja kuishi nasi tumbo lake lilipoanza kuonekana. Senge ni dada ya baba, ndivyo Wabukusu tunavyomwita shangazi, na mimi nilikuwa na mmoja tu, Senge Nekesa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, alikuwa anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao kule Kanduyi, karibu na Bungoma, na alikuwa na kicheko kilichomfanya ashike ukuta. Kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hilohilo. Ndiyo sababu Senge aliletwa Kitale, ili tumbo lisionekane na majirani wa Kanduyi, ambao bila shaka walikuwa wameliona kabla yake yeye mwenyewe. Mtoto alizaliwa kwetu wakati wa palizi, msichana, mweusi, mwenye nywele nyingi.

Baba wa mtoto alijulikana. Alikuwa kijana aliyepiga kinanda kanisani, mtoto wa mzee wa kanisa. Jina lake ninalijua vizuri. Silitaji, na wala si kwa heshima. Nimechoka tu kumpa nafasi.

Kanisa la kukhu lilikuwa na desturi, na nina hakika wengi wenu mnaijua kutoka makanisa yenu. Msichana akizaa kabla ya ndoa aliwekwa benchi ya nyuma, karibu na mlango. Hakuimba, hakupokea meza ya Bwana, na mtoto wake hakubarikiwa, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote aseme anajuta. Ndipo alirudishwa kundini. Wavulana hawakuwa na benchi. Kila likizo nilipokwenda Kanduyi niliitafuta benchi yao kwa macho, nikidhani labda iko chumba kingine.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, kukhu alimflash baba, baba akatafuta krediti akampigia. Tulisikia upande mmoja tu, lakini ulitosha. Mwangalizi mkuu wa kanisa alikuwa anakuja Jumapili pamoja na wageni wa ng'ambo waliotoa mabati ya paa jipya, na siku hiyo watoto wangebarikiwa. Senge aje, atubu. Akitubu, mtoto atabarikiwa na wengine na yeye atarudi kuishi nyumbani. Asipotubu, asikanyage boma la kukhu, kwa sababu kukhu hawezi kuongoza akina mama wenzake huku benchi ya nyuma ikiwa na mtu wake. Na kwa kuwa kulikuwa na wageni, wazee waliamua toba isomwe kwa Kiingereza. Kosa lilifanyika kwa Kibukusu, toba ikaagizwa iwe ya Kiingereza. Hakuna aliyeona ajabu.

Baba alifurahi kupewa kazi hiyo, nasema ukweli. Si kwamba hakumpenda dada yake, alimpenda sana. Lakini walimwambia amwandikie maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa udhaifu wake. Alikaa mezani na kalamu, Senge akiwa upande wa pili anamnyonyesha mtoto, nami nikiwa chini ninachambua mchele na kutega sikio.

Senge alipendekeza aseme tu *sorry* na yaishe. Baba akatikisa kichwa, akasema hilo ni neno la mtu aliyekukanyaga mguu stendi. Akajaribu mengine mawili matatu, akayakata. Kisha uso wake ukang'aa, akaandika neno moja, akalipigia mstari: *contrite*. Akalisema polepole, akilionja. Akaeleza kwamba ni neno la mtu anayejuta mpaka ndani kabisa, na kwamba limetoka kwa Kilatini, ambako maana yake ni kusagwa. Kusuguliwa mpaka hakuna punje inayobaki nzima. Akakunja ngumi zake mbili, akazisugua moja juu ya nyingine mbele ya uso wa dada yake kutuonyesha.

"Hivi," alisema. "Vitu viwili vinasuguana mpaka unatoka unga."

"Viwili," Senge akasema.

"Ee. Ndiyo maana linafaa kanisani. Moyo unasagika."

Senge alimhamisha mtoto titi la pili, akaangalia zile ngumi mpaka baba akazikunjua.

Sasa nieleweni. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, na kila Jumamosi nilitumwa kwenye mashine. Neno kusagwa kwangu halikuwa na Kilatini ndani yake. Nililijua kwa macho na kwa masikio: mahindi yanamwagwa juu, yanapiga kelele, yanashuka yakiwa kitu kingine. Na jambo ambalo baba hakulifikiria, kwa sababu wakubwa hawafikirii mambo kama haya, ni kwamba kanisa la kukhu lilikuwa na posho mill yake. Ilikuwa mradi wa akina mama, kibanda cha mabati nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka mlango wa mchungaji. Nilikuwa nimekwenda pale mara nyingi na kukhu. Nilijumlisha. Kanisa lilitaka Senge asagwe, na kanisa lilikuwa na mashine. Ningefikiri nini kingine?

Sikumwambia mtu. Mama alibaki Kitale na ndugu zangu wadogo, nasi watatu pamoja na mtoto tukaondoka Ijumaa. Usiku ule kwa kukhu nililala nimeshika kanga ya Senge.

Jumamosi kukhu alitutuma, mimi na Senge, tupeleke mahindi mapya yakasagwe kwa chakula cha wageni. Kila hatua ya njia ile niliihesabu kuwa ya mwisho. Tulipofika, mwendesha mashine, kijana mweupe pee kwa unga mpaka kwenye kope, alikuwa anamhudumia mama mwingine. Niliangalia lile pipa la juu ambako mahindi humwagwa. Nilimpima Senge kwa macho. Mabega yangekwama. Ndipo nikashindwa kujizuia, nikauliza.

"Senge, kesho watakuweka kuanzia kichwa ama miguu?"

Alidhani hajasikia kwa sababu ya kelele, akainama. Nikarudia, nikamweleza yote, kwamba nilisikia baba akisema watu wa kanisa wanataka asagwe mpaka hakuna punje inayobaki nzima, na mtoto atanyonya nini akishakuwa unga? Senge alicheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mtu, akashika ukuta wa mabati, machozi yakamtoka, na mwendesha mashine akacheka pia bila kujua anacheka nini. Nami nikaanza kulia kwa aibu.

Halafu kicheko kilimwisha ghafla. Alinivuta akaniweka katikati ya magoti yake. Zamu yetu ilikuwa imefika, mahindi yetu yalikuwa yanashuka, na yeye akanyoosha mkono akateka unga, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa moto, nikataka kuutupa, akanifunga vidole.

"Hii ukipanda itamea?" aliniuliza.

Nikasema haiwezi.

"Haimei," alisema. "Hata uweke mbolea ya Kitale yote." Akanifuta machozi kwa mkono wenye unga, nikarudi nyumbani nimepakwa uso mzima.

Siku ya pili kanisa lilijaa mapema. Kulikuwa na maua ya karatasi kwenye nguzo, na baiskeli za boda boda zilizopambwa ushanga zilikuwa zimeegeshwa nje zikingoja wageni wa mbali. Wageni wa ng'ambo walikaa mbele kwenye viti vya plastiki vyenye mikono, na kando yao mtu wa kuwatafsiria. Kukhu alikaa safu ya kwanza ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani, mgongo umenyooka. Senge alikaa benchi ya nyuma na mtoto, na mimi nilikaa naye ingawa niliambiwa nikae na watoto. Hakuna aliyeweza kuniondoa pale bila kunibeba.

Mzee wa kanisa alisimama, baba wa kijana yule yule, akatangaza kwa Kiingereza kwamba kuna binti aliyepotea ambaye leo anarudi. Kisha akamwashiria mpiga kinanda. Nataka mlione hili jambo jinsi nilivyoliona. Yule kijana aliweka vidole vyake akaanza kupiga ule muziki wa chini chini ambao hupigwa ili watu walainike na kulia. Msichana aliyemzalia mtoto alikuwa anatembea kutoka mlangoni kwenda mbele kuaibishwa, na yeye ndiye aliyekuwa anampigia wimbo wa kutembelea. Alipiga vizuri, kwa kweli alikuwa na kipaji.

Senge alitembea na mtoto mkononi. Baba alimpa karatasi. Akasoma jina lake, akasoma kwamba alilelewa katika kanisa hili, akasoma kwamba aliwahuzunisha wazazi wake wa kiroho. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, mwangalizi mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akafika mahali, akanyamaza. Nilijua amefika wapi. Baba pia alijua, midomo yake ilikuwa inasogea kumsaidia kulitamka, akidhani limemshinda.

Senge akaikunja karatasi. Akageuka, akamtazama mpiga kinanda, akaacha Kiingereza.

"Mambo yangu nimeshaambia Mungu," alisema. "Na hata hapa nasema, nilikosea. Lakini hili neno limebaki, ndugu yangu alinieleza maana yake, na siwezi kulisema peke yangu. Yule tulikuwa na yeye pia asimame hapa. Mimi namngoja."

Akangoja. Kinanda kikanyamaza. Mtu wa kutafsiri alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Mama mmoja kati ya wageni, akidhani ushuhuda umeisha, alipiga makofi kidogo halafu akaacha. Kijana aliangalia vidole vyake. Baba yake alimwangalia kijana, akaangalia dari, akamwambia Senge asome karatasi.

"Nimesoma mpaka pale naweza," Senge alijibu.

Hapo ndipo kukhu alipozungumza. Hakusimama. Alizungumza kwa sauti ndogo ya jikoni, lakini ilifika mpaka benchi ya nyuma.

"Maliza tu, mwanangu," alisema. "Maliza twende nyumbani."

Nimesikia maneno mengi magumu maishani, na hakuna lililonichoma kama hilo. Kukhu hakuwa mkali. Alikuwa anaomba. Alitaka binti yake arudi alale kwenye kitanda chake, alitaka mjukuu wake atembee kwenye uwanja wake, na kati yake na hayo yote palikuwa na neno moja tu la wageni. Nikaona Senge anaifungua ile karatasi. Nilifikiri yamekwisha, kwamba atalisema. Mimi mwenyewe, nikiwa pale nyuma, nilitaka aliseme ili kukhu asiombe tena.

"Mama, wewe nakuomba msamaha," Senge alisema. "Wewe peke yako. Hao wengine siwaombi."

Akaiweka karatasi juu ya kinanda, mbele ya macho ya yule kijana, akatoka kwa njia ya katikati, taratibu, akiwapita wote. Hakuinamisha kichwa.

Najua kuna atakayeuliza, na alipata nini? Naweza kusema alichopoteza. Miaka ilipita kabla hajalala tena Kanduyi. Kukhu aliondolewa uenyekiti kwa maneno matamu, akasema amechoka tu, lakini alizeeka mwaka ule. Yule kijana alifunga ndoa kanisani humohumo, kwa suti nyeupe, na kwaya ikamwimbia. Baba hakumsemesha dada yake njia nzima ya kurudi Kitale, ingawa siku zilivyoenda niligundua kwamba aliacha kutueleza asili ya maneno mezani, tukaanza kula polepole. Senge aliuza nguo za mitumba Kipsongo, akamsomesha binti yake, akazeesha sauti yake nzuri akiwaimbia wateja. Watu wazima wa familia yetu bado wanasema angelisema tu lile neno, lilikuwa neno tu, lingepita na upepo. Wanasema hivyo katika kila sherehe, chai ikishamiminwa. Mimi huwajibu kwamba kama lilikuwa neno tu, mbona yule mwingine hakulisema? Chai yao inapoa.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za siku ile. Nilimfuata Senge mbio. Alikuwa amezunguka nyuma ya kanisa, amesimama mbele ya kibanda cha mashine kilichofungwa kwa kufuli, na alikuwa analia. Sitaki mtu afikiri kwamba watu jasiri hawalii. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, mtoto naye akaanza kulia kwa kumsikia, nami nikashika sketi yake kwa sababu sikujua kingine cha kushika. Kutoka ndani, madirisha hayakuwa na vioo, tulisikia mzee wa kanisa akisema waendelee na ibada, na mchungaji akiwaita mbele wazazi wenye watoto wa kubarikiwa.

Mnajua inavyofanyika. Mchungaji humchukua mtoto, humwinua juu, hutaja jina lake, halafu huliuliza kanisa kama linampokea, na kanisa huitika amina. Tulisikia jina la mtoto wa kwanza, tukasikia amina. La pili, amina. Senge alifuta uso kwa kanga. Alisikiliza wa tatu. Kisha akamshika binti yake kwapani, akamwinua juu ya kichwa chake, mtoto akaacha kulia kwa mshangao, miguu ikining'inia.

"Huyu anaitwa Naliaka," Senge alisema, "kwa sababu alikuja wakati wa palizi. Kanisa linampokea?"

Niligeuka kuangalia nyuma yangu kama kuna watu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta na mimi. Nilipomrudia Senge alikuwa ananiangalia mimi, mikono bado iko juu, inatetemeka kwa uzito, na ilikuwa wazi kwamba hatamshusha mtoto yule mpaka ajibiwe.

"Amina," nikasema.

"Kanisa linampokea?" akauliza tena, kana kwamba hakusikia.

Nikavuta pumzi yote iliyokuwa ndani ya kifua cha mtoto wa darasa la nne. Niliitoa amina ile mpaka ikapasuka kooni, ikapita madirishani, na ndani mchungaji akakatika katikati ya jina la mtoto wa mtu. Senge akamshusha Naliaka, akamweka kifuani.

Jioni ile niliambiwa niende kwa mzee wa kanisa nikaombe msamaha kwa kuvuruga ibada. Walinieleza njia, wakanivalisha sweta, wakaniambia hata maneno ya kusema. Sikwenda. Sasa nina watoto wangu mwenyewe, na bado sijaenda.